Godot au Unity: ipi inamfaa anayetengeneza gemu peke yake?

Godot na Unity ni programu za kutengenezea gemu. Swali hili haliishi, na mara nyingi anayeuliza hajasema anatengeneza gemu gani.

Pesa kwanza. Godot ni bure kabisa. Leseni yake ya MIT haikudai hata senti gemu ikiuza. Unity nayo ni bure mpaka mapato ya mwaka yapite dola 200,000, kiwango ambacho, tuseme ukweli, wengi wetu tunakiota tu. Kinachotia wasiwasi ni masharti. Septemba 2023 Unity ilitangaza ada ya kila gemu inaposakinishwa, watengenezaji wakaja juu, na mwaka mmoja baadaye ikafutwa. Kwa Godot hilo halikupati: toleo ulilonalo ni lako, msimbo wote uko wazi.

Kwa gemu ya 2D, Godot ni nyepesi hata kwenye kompyuta dhaifu. Unaandika amri ya move_and_slide() na mhusika anateleza kando ya ukuta badala ya kuupenya. Unity hula diski na subira, maana ukigusa mstari mmoja inautayarisha msimbo upya huku ukisubiri. Ila ukikwama, mafunzo yake ni tele, na duka lake la vifaa vya kununua ni kubwa zaidi.

Konsoli, yaani mashine za gemu kama PlayStation, ndiko Unity inakoshinda waziwazi, kwani Godot mara nyingi itakulazimu kutafuta kampuni ya kukuhamishia gemu.

Uko peke yako na gemu ndogo ya 2D? Ningechukua Godot. Unaijua tayari C#, lugha ya kuandikia msimbo wa Unity, na unalenga konsoli? Unity. Na kama gemu imefika nusu, baki ulipo. Kuhama kutakula miezi.