Toyota IST kwa mnunuzi mwenye milioni 10: mambo ya kukagua kabla ya kulipa

Karibuni watazamaji. Gari mnaloliona hapa ni Toyota IST ya kizazi cha kwanza, lile lililotengenezwa kati ya mwaka 2002 na 2007, na leo tunalichambua kwa ajili ya mnunuzi aliyejibana mpaka akafikisha shilingi milioni 10 za Tanzania, hana akiba nyingine, na anataka gari la kumfikisha kazini na kuwapeleka watoto shule bila kulala gereji kila mwezi. Neno langu la kwanza kwake ni kwamba asinunue gari la milioni 10. Atafute la milioni 8 au 8 na nusu, kisha kinachobaki akitenge kwa kuhamisha umiliki, bima na matengenezo ya mwanzo, kwa maana gari lililotumika halikosi deni la matengenezo, hata muuzaji awe mwaminifu namna gani. Kama kwa fedha hiyo IST nzuri haipatikani, ni afadhali kushuka kwenye gari dogo zaidi kuliko kumaliza fedha yote kwenye bei ya kununulia.

Kwa nini tunazungumzia gari la mkononi, yaani lililokwisha kutumika hapa nchini, na si la kuagiza Japani? Kwa sababu ya kodi. Gari likishuka bandarini Dar es Salaam linatozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini iliyozidi cc 1000 isiyozidi 2000, VAT ya asilimia 18, na juu ya hayo kuna tozo ya uchakavu kwa magari yenye umri mkubwa. Kodi hizi zinapandiana, kwani VAT inapigwa juu ya jumla iliyokwisha kuongezwa ushuru wa kabla yake, hivyo gari lililoonekana rahisi mtandaoni linafika mikononi mwako kwa bei nyingine kabisa. Watazamaji wetu wa Kenya wao wana kikwazo kingine, kwani sheria yao hairuhusu kuingiza gari lenye umri unaozidi miaka 8. IST ya kizazi hiki wataipata kwa mtu aliyeko humo humo nchini tu.

Sifa ya IST haitokani na umbo lake. Inatokana na vitu vilivyo chini yake. Limejengwa juu ya msingi mmoja na Vitz ya kwanza, Platz na Funcargo, na injini yake ya lita 1.5, inayojulikana kama 1NZ, ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye Probox, Raum, Runx, Spacio na Premio ya injini ndogo. Maana yake kwa mfuko wako ni kwamba ukienda Gerezani, Kariakoo, kila duka lina spea zake, mpya na zilizotumika, na fundi wa Sumbawanga anaijua kama anavyoijua fundi wa Ilala. Injini hii inatumia cheni ya taimingi badala ya mkanda wa taimingi, kwa hiyo hakuna mkanda huo wa kubadilisha baada ya kilometa laki moja. Gia boksi yake ni ya otomatiki ya kawaida yenye gia 4, wakati IST ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka 2007, mara nyingi inatumia CVT, yaani gia boksi isiyo na hatua za gia, ambayo inataka mafuta yake maalumu na haimsamehi mmiliki aliyeweka mafuta yoyote aliyoyakuta dukani. Kwa bajeti ndogo mimi nalichagua la zamani bila kusita.

Sasa nafungua boneti, na ninaomba kamera isogee. Humu ndani kuna kibati cha Toyota chenye namba ya chasesi. Ikianza na NCP60, injini ni ya 1.3, ikianza na NCP61, ni ya 1.5, NCP65 ni ya 1.5 inayovuta magurudumu yote manne. Linganisheni kila herufi na tarakimu na kilichoandikwa kwenye kadi ya gari, kisha muangalie na namba iliyogongwa kwenye bodi yenyewe. Zikipishana hata kwa tarakimu moja, achaneni na gari hilo hapo hapo, wala msisubiri maelezo ya dalali.

Soko letu limezoea kulipima gari kwa herufi ya namba zake, yaani namba C, namba D au namba E, na wapo wanaoongeza milioni nzima kwa ajili ya herufi moja. Herufi hiyo inakuonyesha gari lilisajiliwa lini hapa Tanzania tu. Haikuambii lilitengenezwa lini, wala lilitunzwaje. IST ya mwaka 2003 iliyoletwa juzi itakuwa na namba mpya kuliko ya mwaka 2006 iliyoletwa mapema, na ikiwa ile ya mapema ilikuwa ya mtu mmoja aliyebadilisha oili kwa wakati, ndiyo bora. Dashi nayo haiaminiki peke yake, kwa sababu kilometa hurudishwa nyuma. Muulizeni muuzaji kama bado anayo hati ya kusafirishia gari kutoka Japani, ambayo huwa na kumbukumbu ya kilometa, na mtazame vitu vinavyochakaa kwa matumizi: mpira wa pedali ya breki, usukani, ukingo wa kiti cha dereva. Dashi inayosoma kilometa elfu 80 haiwezi kukaa na pedali iliyolika mpaka chuma kikaonekana. IST nyingi zimefanya kazi ya taksi za mtandao mchana na usiku, na alama zake zinabaki pale pale kwenye kiti na pedali.

Jambo ninalotaka mlikazie macho kuliko yote ni upoozaji wa injini, kwa sababu ndiko kunakofichwa ubovu mkubwa kwa gharama ndogo. Mwambieni muuzaji mapema kwamba asiwashe gari kabla hamjafika, na mkifika wekeni mkono juu ya boneti kuhakikisha ni baridi. Injini ikiwa baridi, na ikiwa baridi tu, fungueni kifuniko cha rejeta. Mnatarajia kuona kimiminika chenye rangi safi, ya pinki, nyekundu au ya kijani. Mkikuta maji matupu yenye kutu ya kahawia, mjue gari limekuwa likiongezwa maji ya bomba kwa muda mrefu, na rejeta pamoja na pampu ya maji zimeliwa. Mkikuta utando wa mafuta juu ya maji, au mkifungua kifuniko cha oili mkakuta uji mweupe kama maziwa, gasketi ya silinda hedi, inayotenganisha maji na oili, imeshaachia, na safari yenu iishie hapo.

Lakini kuna hila isiyoonekana kwa haraka hivyo. Gari likianza kuchemsha, wapo mafundi ambao badala ya kutafuta chanzo huitoa thamostati, yaani kifaa kinachozuia maji ya kupoozea yasizunguke mpaka injini ipate joto, na kuunga feni moja kwa moja ili izunguke muda wote injini inapowaka. Gari linaacha kuchemsha kwa wiki kadhaa, linauzwa, na mnunuzi anarithi tatizo. Namna ya kuigundua ni rahisi. Washeni injini ikiwa baridi na msikilize feni. Ikianza kuzunguka papo hapo wakati kiyoyozi kimezimwa, ulizeni ni kwa nini. Kwenye magari yasiyo na mshale wa joto kwenye dashi, kama Vitz na Passo nyingi, kuna taa ya bluu inayomaanisha kwamba injini bado ni baridi. Taa hiyo inatakiwa kuzimika baada ya dakika chache za kuendesha. Ikiendelea kuwaka mmetembea kilometa nyingi, thamostati ama imekwama ikiwa wazi ama haipo kabisa, na injini inayofanya kazi bila kufikia joto lake inakula mafuta zaidi na kuchakaa haraka.

Mkiwa hapo hapo kwenye dashi, geuzeni ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya injini lazima iwake, kisha izimike injini ikishawaka. Kama haikuwaka tangu mwanzo, huenda kuna mtu aliyeizima kwa makusudi, na gari lipelekwe kupimwa kwa mashine kabla ya neno lolote kuhusu bei. Acheni injini iungurume dakika 10, mtu mmoja akae nyuma ya ekzosi, kisha mkanyage mafuta. Moshi wa bluu unamaanisha inakula oili, na kwa injini hizi za NZ mara nyingi hilo ni zao la oili iliyocheleweshwa miaka mingi.

Kwa gia boksi, kanyageni breki, wekeni D, kisha R, kisha D tena. Gia ishike mara moja bila kugonga. Chomoeni kijiti cha mafuta ya gia na kuyanusa: yakiwa meusi na yananuka kuungua, gia boksi iko njiani kufa. Jaribuni na kupanda kilima, maana gia inayoteleza haijifichi mlimani. Shokapu, bushi na stabilaiza linki, yaani vifaa vya chini vya kupokea mitikisiko, zitalia kwenye barabara mbovu, na hizo zisiwatishe. Ni spea za bei nafuu, zitumieni kupunguza bei. Inueni pia zulia la ndani na la kwenye buti, pale panapokaa tairi la akiba, mkitafuta tope kavu na kutu kwenye reli za viti, kwani Dar es Salaam kila masika yapo magari yanayozama kwenye maji ya mafuriko kisha yanaoshwa na kurudishwa sokoni.

Kuhusu magari mbadala nitasema machache. Vitz na Passo zenye injini ya lita moja ya silinda 3 zinabana mafuta vizuri mjini, ila ukiwa na watu watano na mizigo kwenye mlima wa Kitonga utaionea huruma injini. Raum ya kizazi cha pili ndiyo ninayoipendekeza kwa moyo wote kwa mwenye familia: injini ni ile ile ya 1NZ, milango ya nyuma ni ya kuteleza, nafasi ni kubwa kuliko ya IST, na kwa kuwa vijana hawalipendi umbo lake, mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini. Jihadharini na gari kubwa linalouzwa kwa bei ya IST huku injini yake ikiwa na maandishi ya D-4. Mfumo huo unarusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa, na pampu hiyo ikifa, mwenye bajeti ndogo analipaki gari.

Upande wa nyaraka, jina lililo kwenye kadi liwe la mtu aliye mbele yenu, na kitambulisho chake mkione. Kadi ikiwa ya mtu wa tatu ambaye "yuko safarini", fedha nazo zimsubiri arudi. Angalieni kwa namba ya gari kama kuna faini za trafiki na madeni ya maegesho ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, hakikini bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, na muulize bila haya kama kadi imewekwa dhamana ya mkopo. Mkataba wa mauziano usainiwe mbele ya mwanasheria, malipo yapite benki, na umiliki uhamishwe TRA, mamlaka ya mapato, mara moja, kila mmoja akiwa na TIN yake, yaani namba ya mlipakodi.

Gari likishakuwa lenu, ile fedha mliyoitenga ianze kazi wiki hiyo hiyo. Badilisheni oili na filta yake; injini ya 1NZ inachukua lita 3.7 hivi. Badilisheni mafuta ya gia kwa kuweka yale ya aina ya T-IV, safisheni mfumo wa kupooza na kuweka kulanti, kile kimiminika chenye rangi, badala ya maji, rudisheni thamostati kama ilitolewa, na mpime plagi, breki na betri. Kwenye ubavu wa tairi someni tarakimu nne za mwisho wa mstari wa DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi zikiwa zimezeeka, anzeni nazo hizo kabla ya redio na rimu.