Huduma mahali pamoja au rufaa: mfano wa Bukavu

Mtu aliyenusurika ukatili wa kingono anaweza kuhudumiwa kwa njia mbili. Ya kwanza, ya huduma zote mahali pamoja, inafahamika Bukavu, mji mkuu wa jimbo la Kivu Kusini nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kupitia Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege, ambako matibabu, ushauri wa kisaikolojia, msaada wa kisheria na wa kujikimu kimaisha huunganishwa, ili mhusika asilazimike kusimulia upya yaliyompata kwenye kila mlango. Ya pili ni rufaa: kituo cha afya cha karibu humpokea, kisha humwelekeza kwingine.

Kwa upande wa usiri naona njia ya kwanza ni bora, ingawa hata humo ridhaa inapaswa kuombwa kwa kila hatua, maana aliyekubali kupimwa hajakubali kwenda mahakamani. Rufaa ina faida ya ukaribu, na hilo si jambo dogo: dawa za kukinga virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na barabara za Kivu Kusini, hasa wakati wa mvua, hula saa nyingi. Hata hivyo barua ya rufaa hupita mikononi mwa wengi. Iandikwe yale tu ambayo mpokeaji anahitaji kuyajua ili atoe huduma.