Chanjo ya mseto ya mbwa: dawa haina kasoro, angalia friji inapotoka

Boksi lina vichupa viwili, kimoja cha kidonge kikavu cheupe, kingine cha maji yake. Soma herufi zilizo juu: P ndiyo parvo, ugonjwa wa kirusi unaoharisha mbwa damu; R ni kichaa cha mbwa. Wafugaji wengi wa Mtwara na Lindi huingia mkenge hapo. Chanjo ya kampeni ya kichaa haimpi mbwa kinga ya parvo hata chembe.

Kama bidhaa, inastahili kila senti. Kirusi cha parvo hufuata seli zinazojigawa upesi, yaani tezi, uboho wa mifupa na utando wa utumbo. Utando ukibanduka, chakula hakifyonzwi, na bakteria wa tumboni hupenya kwenye damu wakati uleule seli nyeupe zimekwisha. Kitoto kilichokuwa kinarukaruka juzi, leo kimejikunja pembeni, kinatapika povu na kuhara damu yenye uvundo wa pekee. Dripu ya Ringer na sindano ya kuzuia kutapika humnunulia muda tu. Walioambukizwa tumboni mwa mama au wiki za mwanzo wanaweza hata kufa ghafla kwa moyo.

Udhaifu uko dukani. Chanjo hii inataka nyuzi 2 hadi 8 muda wote, na joto la huku tunalijua. Muuzaji akiitoa kwenye friji ya soda, au akishindwa kueleza umeme ukikatika huiweka wapi, ondoka. Kuibeba hadi Newala au Nachingwea, chupa ya chai yenye barafu inatosha, ila funga vichupa kwa kitambaa visigusane na barafu. Kidonge kilichosinyaa au kunyevuka ni cha kutupa.

Dozi ni chupa nzima, kwa kawaida mililita 1, awe mbwa koko au mbwa mkubwa wa kizungu. Kuigawa kwa vitoto viwili ni kuwanyima wote. Ichanganywe ikiwa inachomwa hapohapo, kwa maji yake yenyewe, kwa sababu mara nyingi maji hayo ndiyo yenye chanjo ya leptospira, bakteria wa mkojo wa panya. Dai kistika cha namba ya toleo kibandikwe kwenye kadi.

“Sindano moja inatosha bosi” ni maneno ya kaunta. Kinga inayotoka kwenye dang'a ya mama huiua chanjo, na kinga hiyo haimaliziki siku ileile kwa watoto wote. Anza wiki ya 6 hadi 8, rudia kila wiki 2 hadi 4 mpaka wiki ya 16 ipite, kisha nyingine akikaribia mwaka.

Pale alipokufa mbwa mwingine kwa parvo, chanjo peke yake haitoshi. Osha sakafu kwa sabuni kwanza, halafu jiki kipimo 1 kwa maji 30, ikae dakika 10. Ua wa mchanga hausafishiki hivyo, na kirusi hukaa humo miezi mingi. Hapo lete mbwa mkubwa aliyekwisha kuchanjwa.