Mzani wa jikoni: nunua, ila usihamie nao mezani

Haya wale wa "nataka kula vizuri ila sijui nianzie wapi", leo naongelea ule mzani mdogo wa jikoni, ule bapa wa kidijitali wenye kioo mbele. Nimeutumia kitambo sasa na kwangu umezishinda programu zote za simu za kuhesabu kalori, ila sio kwa ile sababu watu wanaununulia.

Wengi wanadhani ni wa kupimia kila tonge mpaka kiama. Hapana bana, kazi yake ni kulifundisha jicho. Weka sufuria juu, bonyeza kitufe cha sifuri, alafu mimina mafuta kama unavyomimina siku zote, usijibane, ndo usome namba. Hapo mtu anaguna. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ni kama gramu 14, na gramu moja ya mafuta ina kalori 9, yaani kijiko kimoja tu ni kalori 120 hivi, sasa ule mkono unaomimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa unafika vijiko vitatu vinne na wewe unapiga stori tu. Na usidanganyike na mafuta ya bei mbaya, yanaweza kuwa bora kwa moyo lakini kalori ni zile zile.

Sukari nayo hivo hivo. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni kama gramu 4, cha mlima ni zaidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema sukari ya kuongeza, pamoja na ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu wa kalori 2,000 ni gramu 50, na ukishuka mpaka 25 ndo vizuri zaidi. Ila kwenye mboga mambo yanageuka, wanataka angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, viazi havimo, na ukipima lile bakuli la majani unaloliona limejaa utashangaa lilivyo jepesi.

Kwenye wali kuwa makini, gramu 100 za mchele zikiiva zinakaribia mara tatu, so kabla hujalinganisha na jedwali lolote angalia wameandika mbichi au uliopikwa.

Sasa kero. Unajizima! Uko unaongeza taratibu, wenyewe unaona umeondoka, paa, giza, unaanza upya. Pia sahani kubwa inafunika kioo unabaki unachungulia chini kama fundi wa magari, dawa yake weka bakuli kwanza alafu sahani juu ya bakuli, ndo ubonyeze sifuri. Na chumvi sahau, hii mizani inasoma gramu nzima nzima, kabana ka vidole haikaoni kabisa, we shika tu kwamba WHO wanataka chini ya gramu 5 kwa siku, haifiki hata kijiko cha chai, na hapo wamehesabu mpaka iliyomo kwenye mkate.

Uache juu ya meza ya kupikia, ukiuficha kabatini umekwisha. Na ukiruka siku usijilaumu, utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London uliotoka 2010 uliona tabia inakaa baada ya siku 66 kwa wastani, wengine siku 18, wengine walikadiriwa kufika mpaka 254, na kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Jicho likishajua, mzani urudi kwenye keki. Ila kama umewahi kusumbuliwa na kujinyima chakula au namba zinakupa wasiwasi, huu usinunue kabisa, ongea na mtaalamu wa lishe.

Nyota 4 kati ya 5, moja nimeinyima kwa huko kujizima. Dukani tafuta unaotumia betri za kawaida kama za rimoti, zile za kidonge zikiisha usiku hujui pa kuzipata.