Hercules ya Disney: Shujaa Aliyepunguziwa Mzigo Wake

Filamu ya katuni ya Hercules, iliyotolewa na kampuni ya Disney mwaka 1997, iliongozwa na Ron Clements na John Musker, ambao miaka mitano kabla ya hapo walikuwa wametengeneza Aladdin. Ina urefu wa dakika 93, na kutokana nayo ulitengenezwa mfululizo wa televisheni ulioanza kuonyeshwa mwaka 1998, kisha mwaka 1999 ikatoka filamu ya video iitwayo Hercules: Zero to Hero. Kazi hizi tatu hazilingani kwa ubora hata kidogo. Ya kwanza inastahili kutazamwa na familia nzima, na ningependa kila mzazi anayeiwasha sebuleni ajue ni nini kilichoondolewa katika kisa cha kale ili filamu hii ipatikane.

Katika masimulizi ya Wagiriki wa kale, Hera, mke wa Zeus mfalme wa miungu, si mama wa Hercules kama filamu inavyomfanya. Hercules ni mwana ambaye Zeus alimzaa nje ya ndoa na Alcmene, mwanamke wa duniani, na chuki ya Hera juu ya mtoto huyo ndiyo inayosukuma mambo yote tangu nyoka wawili walipotumwa kumuua akiwa bado kitoto kichanga. Alipokuwa mtu mzima Hera alimtia wazimu, na katika wazimu huo akawaua watoto aliozaa na mkewe Megara. Zile kazi kumi na mbili zilizomletea sifa, ambazo alizifanya kwa amri ya mfalme Eurystheus, zilikuwa kafara ya damu hiyo. Hata kifo chake kilitoka nyumbani: alivaa vazi lenye sumu alilopewa na mke wake mwingine, Deianira, aliyedhani kwamba ameliweka dawa ya mapenzi. Sisi tuliosimuliwa habari za Fumo Liongo, aliyechomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe, tunaelewa kwa nini watu wa kale waliona kwamba shujaa asiyeshindwa vitani huangushwa na wale anaowapenda.

Disney waliondoa karibu yote hayo. Hera amekuwa mama mpole, Zeus baba mcheshi wa familia yenye furaha, na uovu wote umetwikwa Hades, ambaye kwa Wagiriki hakuwa shetani bali ndugu wa Zeus aliyepata kuzimu kwa kura walipogawana ulimwengu. Sioni kosa katika kuwaficha watoto wadogo habari ya baba aliyeua wanawe. Hasara ninayoiona ni kwamba shujaa amepoteza sababu yake. Hercules wa kale anataabika kwa sababu ana jambo la kulipia, ilhali huyu wa katuni anataka tu kustahili kurudi kwa wazazi wake Olympus, mlima wa miungu, na kwa muda mrefu katikati ya filamu lengo hilo halina uzito wa kutosha kumfanya mtazamaji ahangaike naye.

Mwenye uzito ni Megara. Anaigizwa kwa sauti ya Susan Egan, na ndiye mhusika aliyeandikwa vizuri kuliko wote: aliuza nafsi yake kwa Hades ili kumwokoa mwanamume aliyempenda, na mwanamume huyo akamwacha kwa ajili ya mwingine. Uchungu huo unasikika katika kila neno lake, naye hafanywi mwema kwa ghafla. Hades, kwa sauti ya James Woods, anazungumza upesi upesi kama dalali wa viwanja, na mapatano anayomwekea Hercules ndiyo sehemu iliyotungwa kwa akili zaidi. Hercules anakubali kuzitoa nguvu zake kwa siku moja kwa sharti kwamba Megara asidhurike. Kisha Megara anamsukuma kando ya nguzo inayoanguka, inamwangukia yeye, na kwa kuwa sharti limevunjika, nguvu zinamrudia Hercules. Hapana muujiza wa kubahatisha hapo. Kila kitu kimeandaliwa mapema, na mtoto wa miaka minane anaweza kukifuata na kukieleza.

Kwa upande wa michoro, waongozaji walimwita mchoraji wa vibonzo wa Uingereza, Gerald Scarfe, na mkono wake unaonekana katika vidole vilivyochongoka, moshi unaojikunja na nywele za Hades zinazowaka moto wa buluu na kubadilika rangi anapokasirika. Pamoja na hayo kuna mistari iliyoigwa kwenye vyungu vya Ugiriki ya kale, na mchanganyiko huo unaipa filamu sura ya peke yake. Pambano na Hydra, ambaye akikatwa kichwa kimoja huota vingine, lilitengenezwa kwa kompyuta, na leo linaonekana gumu kidogo likilinganishwa na michoro ya mkono inayolizunguka.

Muziki ni wa Alan Menken na maneno ni ya David Zippel. Kuwafanya Muse, miungu wa kike wa sanaa, wasimulie hadithi kwa uimbaji wa injili wa makanisa ya Wamarekani Weusi ulikuwa uamuzi wa kijasiri, na mimi naupenda sana: sauti ya Lillias White na wenzake wanne ina shangwe ambayo kwaya ya heshima isingeweza kuileta.

Mfululizo wa televisheni unamrudisha Hercules shuleni akiwa kijana, pamoja na Icarus na Cassandra. Michoro ni ya haraka na matukio mengine yanapingana na filamu, lakini unagusa visa vingi zaidi vya Kigiriki, na kwa mtoto aliyekwisha kuvutiwa una faida. Ile ya video ya mwaka 1999 ni sehemu za mfululizo huo zilizounganishwa, na haina sababu ya kununuliwa.

Watoto walio chini ya miaka sita wasiachwe peke yao wakati wa Hydra na wakati Hercules anapoingia katika mto wa wafu, ambamo mwili wake unazeeka mbele ya macho yetu. Mzazi atakayeulizwa habari ya miungu wengi aeleze kwamba hii ilikuwa imani ya watu wa kale, na mtoto akifika miaka kumi na miwili au zaidi, ni vyema asimuliwe zile kazi kumi na mbili pamoja na sababu yake halisi.