Filta ya oili ya IST, Probox na ndugu zao: ipi ununue, ipi uiache palepale dukani

Mtu ananunua oili nzuri ya bei, lita 4 za sintetiki, halafu kwenye filta anamwambia fundi "weka yoyote tu". Hiyo hesabu sijawahi kuielewa. Filta ndo kitu cha bei rahisi kuliko vyote kwenye sevisi na ndo hapohapo watu wanabana.

Naongelea injini za Toyota za 1NZ na 2NZ maana ndo zimejaa barabarani, IST, Probox, Raum, Vitz nyingi. Filta yake ni lile kopo dogo la kufungia kwa mkono, namba ya Toyota ni 90915-10003 au 90915-YZZE1, zote zinakaa. Hiyo namba iandike kwenye simu kabisa kabla hujaenda, ukifika dukani ukasema "nataka filta ya IST" utapewa chochote kilicho karibu na mkono wa muuzaji.

Sasa mpangilio wangu.

Namba moja ni jenyuini, yaani halisi ya Toyota yenyewe, ILA kutoka kwa wakala au duka ambalo wewe mwenyewe unalijua na risiti wanatoa. Haina maajabu, ila kila kitu ndani kimekaa sawa: karatasi ya kutosha, mikunjo imelingana, na ile vali ya raba inayozuia oili isirudi chini ukizima gari. Hiyo vali watu hawaijui na ndo yenye kazi kubwa. Ikiwa mbovu, asubuhi unawasha gari injini inazunguka kavu kwanza, taa ya oili inachelewa kuzima na unasikia kelele kidogo ndo inatulia. Ukianza kuona hivyo baada tu ya sevisi, angalia kiwango cha oili kwanza, kikiwa sawa basi mshuku filta kabla hujaanza kuambiwa habari za kubadilisha pampu.

Namba mbili VIC ya Japani, kwa hizi injini ni C-110. Kwangu mimi hii na jenyuini zinapishana nywele tu, na kama jenyuini huna uhakika nayo basi VIC inapanda namba moja bila mjadala.

Tatu, Sakura ya Indonesia. Gari ya kazi, teksi mtandao, mtu unamwaga oili kila kilomita 5,000, hii inakutosha sana, usiumize kichwa. Mann na Bosch nazo ni nzuri tu ila hizo nawaachia wenye gari za Kijerumani, sioni sababu ya kuzihangaikia kwa ajili ya Probox.

Nne ni zile zisizo na jina la maana, boksi limeandikwa "high quality" na picha ya gari ambayo haipo duniani. Zikipasuliwa nyingi utakuta karatasi chache, gundi imemwagwa ovyo. Sinunui.

Na ya mwisho kabisa, chini hata ya hizo, ni "jenyuini" ya bei ya kutupa. Gerezani kwa Dar au Kirinyaga Road kwa Nairobi maduka ya maana yapo na ya feki yapo, mlango kwa mlango. Isiyo na jina angalau haijakudanganya, hii ya feki unaifunga ukiwa na amani moyoni na unasogeza sevisi mbele ukijua umeweka kitu cha Toyota. Ifungue boksi hapohapo dukani. Angalia maandishi kwenye kopo kama yamefifia au yamekaa upande, namba ya kwenye boksi na ya kwenye kopo zifanane, raba ikae vizuri kwenye mfereji wake, chungulia ndani ya matundu uione ile vali ya raba, ibonyeze kwa kitu butu, inatakiwa iwe laini na irudi. Muuzaji akikukataza kufungua boksi, mwachie filta yake.

Kingine, usikubali "hii ya Nissan inaingia tu". Thredi, yaani nyuzi za kufungia, za Nissan na Honda nyingi ni milimita 20, za Toyota hizi ni robo tatu ya inchi, yaani kama milimita 19, kwa hiyo inaweza kuonekana imeingia halafu haijashika, ikichomoka njiani oili yote inabaki lami.

Wanaosema filta ibadilishwe sevisi moja iruke moja, 1NZ inaingia lita 3.7 ukibadilisha na filta na 3.4 bila filta. Hiyo tofauti ya lita 0.3 ni oili chafu unayoichanganya na mpya siku hiyohiyo.

Kufunga, hakikisha raba ya zamani haijabaki imeganda kwenye injini, paka oili raba mpya, kaza kwa mkono mpaka iguse halafu ongeza robo tatu ya mzunguko, basi. Fundi anayekazia kwa spana kwa nguvu zote ndo huyohuyo sevisi ijayo anaitoboa kwa bisibisi ili itoke.

Wenye Prius za injini ya 2ZR na baadhi ya Toyota nyingine za injini hiyo, yenu sio kopo, ni karatasi tupu ndani ya kifuniko, namba 04152-YZZA6, na ndani ya boksi kuna oringi mpya, ile raba ya duara. Simama hapo mpaka uone fundi ameiweka, wengi wanairudisha ya zamani.