Matairi ya Njia za Milima Mirefu: Chagua Ubavu Kabla ya Meno

Njia za milima mirefu huharibu matairi ya gari kwa namna yake, na anayenunua bila kuijua namna hiyo huishia kulipia kitu ambacho hatakihitaji. Juu ya mahali ambapo miti hukoma kuota, maji huingia kwenye nyufa za mwamba, huganda usiku, hutanuka na kuupasua, kisha vipande humwagika njiani vikiwa na makali yake yote, kwa kuwa hakuna mto uliopata nafasi ya kuvilainisha. Tairi likivikanyaga kwa uso wake, mara nyingi hustahimili; likivigusa kwa ubavu, ndipo safari hukatika. Kwa sababu hiyo ninamshauri mnunuzi auangalie ubavu wa tairi kwanza na meno yake baadaye, na ndivyo nilivyoyapanga matairi ninayoyaeleza hapa.

Nilijifunza hilo kwenye kona moja kali ya mteremko, ambapo nililazimika kurudi nyuma mara mbili ili gari lipate kugeuka. Sikusikia mlipuko, bali mlio mrefu wa upepo ukitoka, na niliposhuka nilikuta tairi la nyuma la kulia limechanika ubavuni, mpasuko wa urefu wa kidole cha shahada, ulionyooka kana kwamba umekatwa kwa kisu. Meno yake yalikuwa bado marefu. Uso wa tairi ukichomwa na msumari, pancha huzibwa njiani kwa dakika chache. Ubavu uliochanika hauzibiki kwa namna ya kuaminika, na tairi hilo huwa limekwisha.

Nafasi ya kwanza ninaipa tairi la ardhi zote, lile linaloandikwa A/T, ingawa si kila A/T. Liwe na herufi LT mbele ya vipimo vyake, ishara kwamba limetengenezwa kwa ajili ya magari ya mizigo. Liwe na tabaka tatu za nyuzi ubavuni. Na kama njia yako hupata theluji, liwe na alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake. Alama hiyo huwekwa kwenye tairi lililofaulu jaribio la kushika theluji, tofauti na herufi M+S (matope na theluji), ambazo hutokana na umbo la meno tu. Meno ya A/T yana mikato mingi myembamba inayosaidia tairi kushika mwamba uliolowa na changarawe iliyoshindiliwa, na hayo ndiyo utakayokutana nayo kwa sehemu kubwa ya siku. Tusisahau pia kwamba ili kufika mlimani gari hupita kwenye lami, pengine kwa saa nyingi, na huko A/T hutulia na kusimama vizuri kuliko matairi yenye meno makubwa.

La pili ni tairi la kati, ambalo watengenezaji wengi huliandika R/T. Mbavu zake kwa kawaida ni nene, na meno ya pembeni hushuka hadi ubavuni na kuukinga. Ningelipandisha hadi nafasi ya kwanza kwa mtu ambaye njia zake ni mawe matupu kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini kwa wengine uzito wake na mlio wake kwenye lami ni gharama isiyo na faida ya kutosha.

La tatu ni tairi la matope, M/T. Najua wapo watakaoshangaa kuliona huku chini, kwa kuwa ndilo lenye sura ya safari ngumu, na ni kweli kwamba ubavu wake ni imara. Tatizo liko usoni. Nafasi pana kati ya meno zimewekwa ili tairi lijisafishe tope, na kwa sababu hiyo mpira unaogusa ardhi ni mchache na mikato myembamba ni michache zaidi. Juu ya jiwe laini lililolowa, juu ya barafu, na juu ya lami yenye mvua, upungufu huo huonekana wakati wa kufunga breki, na mlimani mtu huhitaji breki kuliko anavyohitaji kujinasua kwenye tope.

Tairi la A/T la gari la kawaida, lisilo na herufi LT, linashika nafasi ya nne. Linafaa kwa njia pana za changarawe zinazotunzwa, basi. La mwisho ni tairi la barabarani, H/T, ambalo silipendekezi kabisa kwa njia za mawe, hata likiwa jipya.

Ukishachagua aina, angalia daraja la uzito. Herufi C, D na E huonyesha uwezo wa kubeba, na E ndilo gumu zaidi kati ya hizo tatu. Gari zito lenye hema juu ya paa, matanki ya ziada na abiria wanne lina haja ya E. Gari jepesi likifungwa E hurukaruka juu ya mawe badala ya kuyafuata, hivyo kwa gari la namna hiyo tafuta daraja la C lenye tabaka tatu ubavuni.

Kuhusu ukubwa, ninasisitiza kiasi. Tairi la 265/70R17 lina kipenyo cha milimita 803 hivi, na la 285/70R17 lina milimita 831, tofauti ya asilimia 3.5. Inaonekana ndogo, lakini injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda, kwa hiyo kwenye mita 3,000 tayari imepungukiwa na karibu theluthi moja. Tairi kubwa huongeza mzigo juu ya upungufu huo, na wakati wa kushuka hupunguza uwezo wa injini kulizuia gari, hata ukiwa kwenye 4L, yaani gia za chini za magurudumu yote manne, hivyo breki hupata joto mapema. Baki kwenye ukubwa wa kiwandani, au panda hatua moja tu.

Pamoja na matairi nunua kipimo cha upepo na pampu ya umeme, kwa sababu tairi zuri lililojazwa upepo wa kiwango cha lami ni nusu ya tairi mlimani. Kwenye mawe mimi hushusha hadi psi (kipimo cha mgandamizo wa hewa) 22 au 20. Chini ya 15, tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu ya kawaida. Nisingeshuka sana mahali penye mawe makali, kwani upepo ukipungua ubavu hutokeza nje na kujianika kwa makali yaleyale tunayoyakwepa. Pima upepo mwanzoni mwa njia ya mlima, matairi yakiwa yamepoa, wala usitegemee kipimo cha nyumbani. Ukitoka usawa wa bahari hadi mita 3,000, mgandamizo wa hewa ya nje hupungua kutoka psi 14.7 hadi 10 hivi, jambo ambalo hukipandisha kipimo kwa zaidi ya psi 4, huku baridi ikikishusha kwa takriban psi 1 kwa kila nyuzijoto 5 au 6. Pampu iwe ya kufungwa moja kwa moja kwenye betri, kwa kuwa ile yenye nguvu huvuta umeme mwingi kuliko fyuzi ya tundu la kiberiti cha gari, lile la kuwashia sigara, inavyoruhusu.

Nunua matano, wala usinunue manne. Spea yenye kipenyo tofauti huzichosha difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) gari linapovuta kwa magurudumu yote, na mlimani unaweza kulazimika kuitumia kwa siku nzima. Fedha zikipungua, ni heri matano ya A/T yenye LT ya mtengenezaji asiye na jina kubwa kuliko manne ya kifahari na spea iliyochakaa.

Kabla ya kulipa, inama usome ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, ambazo ni tarehe ya kutengenezwa: 3523 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Soma yote matano, kwa kuwa si ajabu kukuta moja ni kongwe kuliko wenzake. Soma pia namba ya uzito; 121, kwa mfano, ni kilo 1,450 kwa tairi moja. Yakishafungwa, yaendeshe kwanza kwenye barabara za kawaida, na baada ya kilomita 80 hadi 100 kaza nati za magurudumu upya kwa spana yenye kipimo kabla ya kuanza kupanda.